Ukijikuta Ndani ya Riwaya, Huko Kilangali: Maelekezo kwa Asiye na Habari

Watu huingia humo bila kujua. Umetoka Kilosa mjini asubuhi kwa bodaboda, unakwenda Kilangali kuulizia mbegu ya mpunga kwenye shamba la Serikali, na kichwani huna kingine ila bei ya gunia. Ghafla upepo unavuma kwa adabu. Vumbi halikupati. Kwenye majaruba amesimama binti wa gauni refu la kizamani, amekupa mgongo, anatazama milima ya Usagara, na kengele ya kanisa inalia ingawa ni Jumanne. Mwambie dereva asimame. Mahali pasipo na mbu, wala mtu wa kukuuliza "unamtafuta nani?", si Kilangali. Umeshaingia ndani ya riwaya ya mapenzi ya Kikristo, tena ya kihistoria, na kabla ya sura ya mwisho utalazimishwa kuachana na mambo yako ya zamani, hata kama huna.

Maelekezo haya ni ya kukutoa humo ukiwa mzima.

Dalili za awali

Vitabu vya aina hii vilikomaa Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1979 Janette Oke wa Kanada alitoa Love Comes Softly, kisa cha mjane kijana anayeolewa harakaharaka na mgane mwenye mtoto. Mwaka 1991 Francine Rivers akatoa Redeeming Love, ambamo nabii Hosea na mkewe Gomeri wamehamishiwa California, kwa wachimba dhahabu wa miaka ya 1850. Tangu hapo taratibu zinajulikana. Mmoja ana kovu, mwingine ana Biblia. Busu halitangulii toba. Mlevi ataokoka au atafia mtoni, hakuna njia ya tatu. Na karibu na mwisho atatokea mzee mwenye mvi, atakohoa, kisha atasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ukimsikia anakohoa, jua kurasa zilizobaki hazizidi ishirini.

Sina ugomvi na vitabu hivi. Nimewahi kuona kimoja kikizunguka kwa akina mama wa kwaya mpaka jalada likatoka, na mwenye kitabu hakurudishiwa. Taabu huanza pale mwandishi anapokichukua kisa kizima, farasi na yote, na kukitua Kilosa.

Usipande farasi

Shujaa atakuja na farasi. Mkatalie hapohapo. Ukanda huu ulikuwa wa mbung'o, na farasi aliyeumwa na mbung'o hafiki kwenye posa. Agosti 1916 majeshi ya Uingereza yalipoingia Kilosa yakiwafukuza Wajerumani, askari wao wa farasi walikuwa wengi wao wanatembea kwa miguu. Katika vita ile wanyama walikufa kwa maelfu.

Kama mwandishi atakuambia basi aje na gari la ng'ombe, mkumbushe Roger Price, mmisionari wa London Missionary Society. Mwaka 1876 alifika na ng'ombe hadi Mpwapwa akaona njia imepatikana. Mwaka uliofuata msafara wenyewe wa magari ya ng'ombe ulipoanza safari, ng'ombe walikufa, mizigo ikarudi vichwani mwa watu. Na kama mwandishi ana ujasiri wa kupita kiasi, mpe tembo. Sifanyi mzaha. Mwaka 1879 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alileta tembo wanne kutoka India, wakateremshwa Msasani, ili waonyeshe namna ya kubeba mizigo katika nchi ambayo tembo wake walikuwa wakiuawa kwa pembe. Waliswagwa kwa njia ya Mpwapwa. Aliyefika Karema, kwenye Ziwa Tanganyika, alikuwa mmoja.

Kwa hiyo shujaa anafika kwa miguu, ana homa, amechelewa, na mbele yake ziko futi mia kadhaa za wapagazi wa Kinyamwezi ambao kila mmoja amebeba frasila mbili na wanamsema kwa lugha asiyoijua. Ukikuta hivyo, endelea kusoma. Huyo mwandishi amefanya kazi.

Angalia pia barua za mapenzi zilizopotea, maana haziachi kupotea. Barua ya miaka ya 1880 iliyoandikwa "Kondoa" isikupeleke Irangi. Kondoa ya Usagara ilikuwa hapa karibu na Kilosa, ambako Kapteni Bloyet, Mfaransa, aliweka kituo. Na mwanamume anayerudi kijijini akijitambulisha kuwa ametoka Ulaya mwombe afafanue, kwa sababu Ulaya iko kata nzima ndani ya wilaya hii ya Kilosa, njia ya kwenda Mikumi. Wasichana wa huku wameshadanganywa kwa hilo.

Muulize mwaka

Hili ndilo jambo ambalo msomaji mpole huogopa kulifanya, nalo lingemwokoa. Kila mara mhusika anapoambiwa asahau yaliyopita, simama, muulize: mwaka gani huu?

Riwaya hizi hupenda binti aliyekuwa mtumwa. Ana alama ya mnyororo, ana wimbo wa mama yake, hajui kucheka. Mwandishi husoma mahali kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja na kuzuia biashara hiyo baharini, basi anapiga mstari, anaita yaliyopita. Sura inayofuata, mwaka 1880, shujaa anamwambia binti aachilie. Aachilie nini? Misafara ilikuwa bado inapita Usagara. Kule Zanzibar sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka mwaka 1897. Huku bara Wajerumani hawakuufuta kabisa; walichokubali ni kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 wazaliwe huru, mama zao wakabaki walivyo. Ni Waingereza walioufuta kwa sheria Tanganyika, mwaka 1922. Binti wa mwaka 1880 aliyeambiwa yamepita angekuwa bibi mwenye wajukuu siku yalipopita kisheria. Kumtaka asamehe ni neno moja. Kumtaka asahau kitu ambacho bado kiko barabarani na kina bei ni neno jingine, na asilimia kubwa ya machozi katika vitabu hivi yanatokana na kuyachanganya hayo mawili.

Miaka mingine ina hatari zake ndogondogo. Novemba na Desemba 1884 usitie dole kwenye karatasi yoyote. Mwanamume kijana wa Kijerumani, Carl Peters, atakuwa anapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwa na mikataba, na wenyeji watakaoipokea watakuwa wameachilia nchi nzima katika aya mbili. Februari 1885 Kaisari alitoa hati ya ulinzi juu ya hayo. Hakuna mhusika wa riwaya aliyewahi kuachilia vitu vingi hivyo kwa haraka hivyo. Mwaka 1905, ukipewa maji, uliza kwanza ni ya kunywa au ya vita.

Binti ambaye kweli alisamehe

Sasa nikuonye juu ya kitu kigumu zaidi: kisa cha kweli. Msomaji mwerevu aliyekwisha kuwacheka mashujaa wa farasi hujiona salama, halafu anakutana na Swema.

Swema alikuwa mtoto wa Kiyao. Baba alifariki, njaa ikaingia, mama akakopa nafaka na akashindwa kulipa. Mwenye deni akamchukua mtoto, akamuuza kwa msafara uliokuwa ukishuka Pwani. Mama aliomba afuatane nao, akakubaliwa abebe mzigo. Alipoishiwa nguvu wakamwacha njiani, mtoto akiona. Swema akafikishwa Kilwa, kisha Unguja, akiwa amedhoofu kiasi kwamba walimhesabu amekufa. Wakamviringisha kwenye mkeka, wakamfukia kaburi la juujuu. Kijana mmoja mtu wa Réunion akasikia sauti, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misheni ya Wakatoliki.

Hapo mwandishi wa kawaida angemwoza kwa yule kijana wa Réunion. Kilichotokea si hicho. Swema alibaki misheni, akabatizwa, akawa anahudumia wagonjwa. Siku moja akaletwa majeruhi, naye akamtambua: alikuwa mmoja wa watu wa ule msafara uliomtupa mama yake. Aligoma. Kisha akarudi, akamwosha vidonda.

Kitabu cha Kifaransa chenye kisa hiki kilitolewa Paris mwaka 1870 na padri mwandishi, Jean-Joseph Gaume, kutokana na masimulizi yaliyoandikwa na wamisionari wa Zanzibar. Kilisaidia kuwafungua watu wa Ulaya, ile nyingine, mioyo na mifuko. Na hapa ndipo nakuomba uwe na macho mawili. Jicho moja lisome kama linavyopaswa kusomwa: mtoto alifukiwa hai, akaja kumfunga bendeji mtu wa namna ile. Asiyetetemeka hapo na afunge kitabu, akauze mpunga. Jicho la pili litazame nani ameshika kalamu. Njaa, deni na mama yapo kwa undani ambao hautungwi kirahisi. Msamaha, kwa upande wake, umepangwa vizuri mno, kwa Kifaransa kizuri mno, na unaishia pale mchangaji anapotaka uishie. Siamini kwamba haukutokea. Naamini kwamba Swema alikuwa na ya kusema siku iliyofuata, na hakuna aliyeketi kuyaandika.

Onyo kama hilo linahusu pia Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Mbotela alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa, wa jamii ile ya Freretown karibu na Mombasa, na ameandika Kiswahili safi kabisa. Shukrani zimejaa humo mpaka maswali yamekosa pa kukaa. Kisome, lakini usikiazime dondoo kwa ajili ya kadi ya harusi.

Na maadamu tumetaja harusi: usitafute mapenzi ya mwezi na kinanda kwenye misheni za zamani. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wananunua watoto sokoni na kuwalea. Watoto walipokua, mapadri ndio waliopanga na kusimamia ndoa zao, kisha wakawapa nyumba na shamba. Hakukuwa na mjomba wa kuombwa wala mshenga wa kutumwa. Hiyo ndiyo maana yenyewe ya kuwa wamekombolewa kutoka kusikojulikana. Baadhi ya wanandoa hao walipelekwa bara kuwa mbegu ya vijiji vya Kikristo: Mhonda kule Nguru mwaka 1877, baadaye Mandera, Morogoro, na miaka hiyohiyo ya 1880 Ilonga, ambayo iko karibu kabisa na Kilosa. Waanglikana walikuwa Mpwapwa na Mamboya, wakiwahubiria Wakaguru.

Fikiri basi riwaya ambayo haijaandikwa. Mume na mke wametoka makabila mawili yasiyoelewana lugha. Wamekutanishwa na padri. Wanazungumza Kiswahili cha misheni, wanapanda mlima kwenda kujenga mahali ambapo wenyeji wanawaita watu wa wazungu. Wamepewa majina mapya ya watakatifu. Usiku wa kwanza, mlango umefungwa, mmoja anamwuliza mwenzake: wewe hasa unaitwa nani? Mwandishi akiweza kulijibu swali hilo kwa kurasa mia tatu, mimi nitanunua nakala mbili. Kila ninachokiona kinaruka usiku huo, kinakwenda moja kwa moja kwenye ubatizo wa mtoto.

Mjomba hayumo kwenye orodha ya wahusika

Turudi Kilangali, maana binti wa majaruba bado amesimama na upepo wake.

Atakuwa yatima. Riwaya hizi zinapenda yatima kwa sababu hana wa kuombwa ruhusa. Lakini huku Kilosa, kwa Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, na kwa majirani zao Waluguru, ukoo ulifuata kwa mama. Baba kufa hakumwachi binti bila mwenyewe. Ana wajomba. Mmoja yuko Rudewa, mwingine Kimamba, wa tatu alipotea Tanga na atarejea siku ya mahari. Shujaa aliyepiga goti mbele ya binti, pete mkononi, mvua ya maua ikimshukia, hajafanya lolote kisheria wala kimila mpaka mjomba ameketi. Na mjomba ataanza kwa kuuliza kwenu wapi, nani alimzika babu yako, na lile deni je. Riwaya nzima ilikuwa ya kukimbia maswali hayo matatu.

Jiandae pia kwa mjomba mwenyewe kuitwa Ramadhani. Njia ya misafara ilipita hapa miaka mingi kabla ya misheni, na wilaya hii ina misikiti mikongwe ya heshima. Riwaya huwaficha Waislamu au huwapa kazi ya kubeba panga. Ukweli ni kwamba Mkristo wa sura ya tatu ana shangazi aliyefunga mwezi mzima na kumpikia futari, na kamati ya harusi yake ina mweka hazina aitwaye Mwanahawa. Ni bora kuwa hivyo, michango hukusanyika.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni mtani. Mwandishi wa kigeni hana dawa yake. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya miaka ya 1870 na 1880, damu ilimwagika kweli. Wajukuu zao wanaitana watumwa mbele za watu na kudaiana kuku. Wanyamwezi waliopita na mizigo wakielekea Pwani wana utani na Wazaramo, na husemwa chanzo chake ni hapo njiani: mpagazi akifa ugenini anahitaji mtu wa kumzika. Kwa wengi wa mkoa huu wa Morogoro mtani bado ana kazi msibani. Atalala kaburini akidai asipolipwa hatoki. Atamwiga marehemu alivyokuwa akikohoa. Wafiwa watacheka huku wanalia, watatoa fedha, maziko yataendelea.

Sasa mweke mtu huyo kwenye sura ya mwisho. Shujaa amesimama mbele ya kaburi la adui wa baba yake. Machozi yanamlengalenga. Anavuta pumzi ili aseme amesamehe. Kutoka nyuma sauti: "Sameheni upesi, pilau linapoa! Na yule ng'ombe waliyetuibia babu zenu, mmemleta?" Riwaya imekufa hapo. Kwa maoni yangu imekufa kwa sababu nzuri. Vitabu vile vinataka mtu ayatue ya nyuma mara moja, kwa machozi, akiwa peke yake na Mungu wake. Watani hawayatui. Wanayabeba hadharani, kila msiba, kwa kudai na kucheka, mpaka yanakuwa mepesi, na hakuna anayejifanya hayakutokea. Mtu wa kanisani atauliza kama hiyo ni toba. Sijui katekista wako atasemaje. Mimi nimeona mikono ikishikana baada yake.

Kuna sababu nyingine ya kuutegemea utani kuliko hotuba. Mkonge, ambao Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, ulienea mpaka Kimamba na kandokando ya reli, na mashamba yakavuta manamba kutoka pembe zote za Tanganyika na nje yake. Wengi hawakurudi. Walioa hapa, wakazika hapa. Ukiuliza kijijini nani mwenyeji halisi, jitayarishe kukaa mpaka jioni. Mtu aliyekuja na kontrakti mfukoni, jina lake limekosewa na karani, hakuwa na haja ya riwaya kumfundisha kuanza upya. Alianza Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, kwa kukata mkonge.

Njia ya kutokea

Kila riwaya ya namna hii huisha kwa mvua. Msamaha ukitamkwa tu, ngurumo, matone ya kwanza, wapendanao wanainua nyuso. Wewe usiinue uso. Inua godoro. Mto Mkondoa hausomi hadithi. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010 yalivunja kingo, yakawaacha maelfu ya watu wa Kilosa kwenye mahema na kukata reli ya kati. Ukiona mwandishi ameanza kulielezea wingu, panda mwinuko, chukua na vyeti vyako. Kama ni msimu wa mpunga, waulize wenye majaruba; wao watakuambia mvua ni ya kubarikiwa au ya kukimbiwa, na hawatahitaji ngurumo kuwapa hisia.

Ukisalimika na mvua, kimebaki kituo cha treni. Katika kitabu shujaa wa kike anakimbia pembeni ya behewa, mkono wake umeshikwa dirishani, anapiga kelele kwamba amekwisha kumsamehe, treni inaongeza mwendo. Jambo hili liliwezekana kwenye reli ya zamani, ile iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ambako dirisha lilikuwa pia duka, mlango na posta. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kwenda Dodoma kwenye reli mpya, inatoboa milima kwa mahandaki. Madirisha yake hayafunguki. Milango inajifunga. Ina saa yake ya kuondoka, na haijali kama mmefikia toba.

Kama mna jambo la kuambiana, liambianeni nje, kabla ya ukaguzi wa mizigo. Kitambulisho mkononi.